Njia ya Moto, Njia ya Ng'ombe

Mji wetu sitautaja, kwa sababu bado ninaishi hapa na bado ninapanga fremu ya duka kwa mtu yule yule. Inatosha kusema uko kati ya Dongobesh na Katesh, na ukipita bila kusinzia utaliona jengo lenye maandishi makubwa ya bluu: PLAZA. Ni safu mbili za fremu zinazotazamana, na katikati yake uwanja mrefu mwembamba. Mwenyewe, huyo ninayepanga kwake, alipokuwa anajenga aliuacha wazi, maana ramani ilimtaka aache njia ya gari la zimamoto. Alipokwisha kupata kibali, akaanza kuupangisha.

Alianza na kibanda cha laini za simu. Ikafuata mitungi ya gesi. Halafu akaja mkaanga chipsi na jiko lake la mkaa, naye akapewa nafasi jirani na mitungi ya gesi, nadhani ili wazoeane. Msimu wa vitunguu saumu ulipofika, sehemu iliyobaki ikajazwa magunia mpaka usawa wa madirisha. Fremu yangu ni ya mwisho kabisa kule ndani, nashona sare za shule. Ina mlango mmoja tu, na mlango huo ulikuwa unatazamana na magunia.

Mama yangu alikuwa akishinda nami pale. Nyonga zake zilichoka zamani. Anatembea kwa fimbo, tena polepole, lakini anatembea, na hilo alitaka kila mtu alijue. Alikuwa akikaa mlangoni, akifumua mishono niliyoikosea na kuwaeleza wateja kwamba nimeikosea. Nyumbani hakuweza kuachwa peke yake bila kujaribu kubeba ndoo ya maji, kwa hiyo mpango huo ulitufaa wote wawili.

Asubuhi moja, siku ya mnada, mafuta ya chipsi yakashika moto. Haukuwa moto mkubwa. Ulizimwa kwa magunia yaliyolowanishwa, na kabla ya saa sita jamaa alikuwa ameshawasha jiko tena. Lakini moshi ulituingilia, watu wakapiga kelele, na wanaume wanne, Mungu awabariki hata hivyo, wakaja kumwokoa mama. Kwa chini hapakuwa na pa kupita. Wakamnyanyua wakampitisha juu ya magunia ya vitunguu, mkono kwa mkono, miguu ikitangulia. Khanga ikamvuka njiani. Mnada mzima uliiona petikoti ya mwanamke ambaye nusu ya mji humpa shikamoo. Walipomweka chini barabarani walimpongeza kwa kupona. Nilipomfikia alikuwa anatafuta cha kujifunga, na hakunitazama.

Kesho yake alisema kichwa kinamuuma. Keshokutwa akasema ana kazi za nyumbani. Wiki iliyofuata nilipombembeleza sana, akasema ukweli.

"Sirudi mahali ambapo siwezi kutoka kwa miguu yangu mwenyewe."

Basi nikawa namwacha nyumbani asubuhi na kumkuta jioni amekaa pale pale, sakafu imelowa maji, ndoo imelala ubavu. Alikuwa anapungua. Hakuwa mgonjwa, alikuwa anapungua tu, kama mtu aliyekosa wa kugombana naye. Nami dukani nilikuwa mpweke kuliko nilivyotarajia, na hasira zangu zote zikaenda kwa mwenye plaza.

Nilimfuata kwa adabu. Akanisikiliza kwa adabu. Akaniambia, "Dada yangu, uwanja ni wangu. Ungekuwa wako, ungeupanga upendavyo." Nikaenda kwa diwani wetu, nikamlilia mpaka akachoka, na hivyo ndivyo suala la njia ya zimamoto katika eneo la biashara la mtu binafsi lilivyofika kwenye baraza la madiwani. Nilienda kusikiliza. Wananchi tumeruhusiwa kukaa nyuma, mradi tusiseme kitu.

Mwanasheria wa halmashauri, kijana mpole aliyehamishiwa kwetu kutoka Lindi na ambaye baridi yetu ilikuwa haijamsamehe, alisoma sheria ndogo akiwa na koti na skafu. Alisema halmashauri inaweza kumlazimisha mwenye jengo kuiacha njia wazi, hata kama ardhi ni yake. Alipoketi, mikono ilinyooka ukumbi mzima.

Diwani wa kwanza alitaka kujua gari lenyewe la zimamoto liko wapi. Akajibiwa kuwa hapa kwetu halipo, litaombwa mbali. Akauliza, mtu anawezaje kujenga zizi wakati hana ng'ombe? Mwingine akaomba kutoa taarifa kwamba kwao huwa wanaanza na zizi, maana ng'ombe akifika kabla ya zizi atalala wapi? Wa tatu akasema kwao mtu hupewa ng'ombe kwanza, tena wa kufuga kwa niaba ya mwenzake, ndipo ajenge. Nakueleza kweli, walibishana kuhusu zizi na ng'ombe mpaka chai ikaja, na baada ya chai wakaendelea. Kila aliyesimama alianza na "Mheshimiwa Mwenyekiti" na kumaliza na "naunga mkono hoja," bila kusema hoja ipi.

Kisha likaja suala la upana. Hakuna aliyejua gari la zimamoto lina upana gani. Mmoja aliliona Arusha, lakini lilikuwa linapita kwa kasi. Ikapendekezwa lipimwe lori la vitunguu badala yake. Mwingine akasema lori halina ngazi juu, na ngazi lazima iongeze upana. Mwanasheria akanyoosha mkono akasema vipimo vimo ndani ya sheria. Mwenyekiti akamshukuru, akasema hilo litafikiwa.

Hapo ndipo aliposimama diwani mmoja mwenye sauti kubwa kuliko haja, ambaye ni shemeji wa mwenye plaza. Alisema leo wakimwambia mtu wapi aache nafasi uani kwake, kesho watamwambia kitanda akiweke wapi. Watu wakacheka, wakapiga meza. Nikaona tumeshindwa. Angeketi hapo, leo ningekuwa naandika mambo mengine. Lakini kicheko kilimnogea, akaendelea.

"Hiyo njia ya moto ni hadithi, Mheshimiwa Mwenyekiti. Mimi nimekulia pale. Haijawahi kuwepo njia ya moto pale tangu enzi za baba yake mwenye plaza. Pale palikuwa na njia ya ng'ombe ya kwenda mtoni, basi."

Mikono iliyokuwa inapiga meza ikarudi mapajani. Mwanasheria akatazama kushoto na kulia, hakuelewa kimetokea nini.

Kwetu unaweza kumnyima jirani shamba, ukamnyima hata binti yako, mkaelewana mbele ya safari. Njia ya ng'ombe haifungwi. Inapita katikati ya mashamba ya watu na haina mwenyewe, kwa sababu mnyama mwenye kiu haulizi hati. Nilipokuwa mdogo, jirani yetu mmoja aliilima akapanda mahindi. Hakuna aliyemgombeza. Waliacha tu kumsalimia, wakaacha kwenda kumsaidia kuvuna, mkewe akienda kisimani wenzake wakawa wanaondoka. Aliyafyeka mahindi yake mwenyewe yakiwa bado mabichi.

Diwani mmoja wa viti maalumu, mama mtu mzima ambaye muda wote alikuwa anafuma sweta, alishusha sindano zake. Akauliza kwa upole, "Mheshimiwa, umesema palikuwa na njia ya nini?"

Shemeji alikuwa ameshaketi. Mdomo uliponza kichwa, na kichwa chenyewe kilikuwa cha mwingine.

Baada ya hapo mjadala ulikuwa mfupi kuliko sala ya kufungulia kikao. Waliokuwa wakitetea haki ya mtu na uwanja wake walisimama mmoja mmoja kulaani kufungwa kwa njia ya ng'ombe, wengine kwa machozi. Upana ambao ulikuwa umewashinda ulikubaliwa papo hapo: ng'ombe wawili wapishane bila kugusana pembe, na mchungaji apite pembeni na fimbo yake. Baadaye mwanasheria alipima, akakuta ni zaidi ya ule uliotakiwa na sheria yake. Alinieleza hilo kwa sauti ya chini, na sikujua kama anafurahi au anataka kuomba uhamisho.

Kabla wiki haijaisha, uwanja ulikuwa mweupe. Mwenye plaza alihamisha kibanda, mitungi, magunia na chipsi bila kuandikiwa barua hata moja. Wazee walimtoza faini ya dume la ng'ombe kwa kufunga njia, akalitoa, likachinjwa palepale. Nyama ikachomwa katikati ya njia ya zimamoto, kwa moto mkubwa kuliko wowote niliowahi kuuona pale, na wote walioupigia kura usalama wetu wakauzunguka wakila. Mtu mmoja tu alisimama pembeni na ndoo ya maji. Alikuwa mwanasheria. Walimletea ubavu, akala kwa mkono mmoja, wa pili haukuachia ndoo.

Ikabaki shida ndogo: njia ya ng'ombe isiyopitwa na ng'ombe hufa. Ikapangwa zamu. Sasa kila asubuhi mifugo ya watu hupita katikati ya plaza kwenda kunywa maji, na kurudi wakiwa wameshiba na hawana haraka. Wateja wangu huchagua pa kukanyaga. Ndama mmoja alitafuna kola ya sare ya mwanafunzi, na mwenye ndama akashangaa kwa nini naweka nguo njiani. Ukutani pamechorwa kichwa cha ng'ombe na onyo la kutoegesha gari, na hakuna aegeshaye. Gari la zimamoto halijawahi kuja, nami namwomba Mungu iendelee hivyo.

Nilimweleza mama yote. Siku kadhaa aliendelea na ndoo yake. Halafu asubuhi moja nikamkuta amevaa, ameshika fimbo, amekaa mlangoni ananisubiri kana kwamba mimi ndiye niliyemchelewesha.

Tulifika ng'ombe wakiwa wameshapita. Alikataa mkono wangu. Akaingia plaza kwa mwendo wake, watu wakimpa shikamoo kutoka safu zote mbili, naye akiitikia marahaba moja moja bila kuruka mtu, mpaka mlangoni kwangu. Niliharakisha kumvutia kiti. Hakukaa. Alikitazama, akanitazama, akageuka, na kuanza kurudi alikotoka.

Nilidhani amekasirika. Kisha nikaelewa. Alikuwa anatoka. Alitaka kuona kama inawezekana. Fimbo, mguu, mguu. Aliteleza kidogo kwenye mavi ya ng'ombe, nusu ya watu wakainuka, akajiweka sawa, wakaketi. Alifika barabarani. Akasimama pale, akageuka taratibu kuangalia kama kuna mtu anamfuata na mikono tayari. Hapakuwa na mtu. Mimi nilikuwa nimeushika mwimo wa mlango kwa nguvu zangu zote, ili nisiende.