Resho ya Papa na Kikopo cha Mwisho

Resho ya papa, jiko dogo la baba yangu, ilikuwa ndogo kuliko sufuria yake: kichwa cha chuma, miguu mitatu ya kukunja, na chini yake kikopo cha gesi. Aliachiwa na mtafiti mgeni aliyekuwa akizunguka naye msituni Yangambi, wakikusanya majani ya miti. Nyumbani kwetu kila kitu kilipikwa kwa makala, kwenye mbabula, jiko la makaa. Resho ilikuwa ya kahawa yake tu. Asubuhi niliisikia kabla ya kumsikia yeye: mvumo mwembamba, harufu ya kahawa, kisha kikohozi.

Kikopo chake kilikuwa cha kutobolewa. Ukikifunga, sindano iliyo ndani ya resho inakitoboa, na tangu hapo hukitoi mpaka kiishe. Kisha waliokuwa wakivitengeneza wakaacha. Nilizunguka soko kuu la Kisangani na kikopo kitupu mkononi, kama mtu anayeonyesha picha ya ndugu aliyepotea. Muuzaji mmoja alikigeuza, akanirudishia, akiniita papa kwa heshima.

"Papa, hii modeli ilikufa. Kamata hii ya kuzungusha."

Sikuikamata. Nilisimama pale, na diploma zangu zote, nikimweleza sifa za marehemu.

Kilibaki kikopo kimoja kizima. Nilikificha kwenye kabati ya vitabu, nyuma ya tasnifu yangu, mahali ambapo hakuna mtu anayegusa.

Papa alipolazwa, ilikuwa majira ya mvua. Hospitali zetu hazimpikii mgonjwa; ndugu hupika uani, chini ya kibanda cha mabati. Dada yake papa, ambaye sote tunamwita tantine, alipuliza makala yaliyolowa mpaka macho yakamvimba. Chakula kilifika kitandani kimepoa, kinanuka moshi. Papa alikisukuma kando, akauliza jambo moja tu.

"Resho iko wapi?"

"Iko nyumbani, papa. Tunaichungia siku utarudi."

Niliamini hivyo kweli. Maadamu kikopo hakijatobolewa, papa alikuwa na safari ya kurudi nyumbani. Asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimetoka chuo kikuu kufundisha mantiki.

Aliuliza tena kesho yake, na sauti ilikuwa imepungua.

"Papa, kikopo iko ya mwisho," nikasema.

"Na mimi, niko ya kwanza?"

Tantine alicheka mpaka akashika chuma cha kitanda. Kisha akatoka kwenda kuangalia sufuria ambayo hakuwa ameiweka motoni.

Niliileta resho. Muuguzi alituambia bila ukali kwamba ndani hakuna kuwasha moto, basi tukambeba papa juu ya kiti mpaka barazani. Alitaka kukifunga kikopo mwenyewe, lakini vidole havikukaza.

"Bon, toboa weye."

Nikazungusha. Gesi ikapiga mluzi mfupi, nikawasha kiberiti.

"Moto gani hii haina moshi?" tantine akasema. "Inalia tu sawa nyoka."

"Tulia, usikie," papa akamwambia.

Tukasikiliza, mvua ikipiga mabati. Alikunywa nusu kikombe cha kahawa, ya moto kabisa, akasema nimeacha maji yachemke kupita kiasi. Ulikuwa muda mrefu hajalalamikia kitu chochote kwa hamu namna ile. Siku zilizofuata tulimtoa barazani kila alasiri, mpaka alasiri ambayo hakutaka kutolewa. Alitutoka kabla ya gesi.

Baada ya matanga niliirudisha resho nyuma ya tasnifu, kikopo kikiwa bado kimefungwa. Mke wangu alishauri tuiwashe walau mara moja, tunywe kahawa kwa kumkumbuka. Nilikataa. Mara kwa mara niliitoa, nikaitikisa, nikasikia gesi ikicheza ndani, nikaridhika kama tajiri.

Baadaye mke wangu akaanza kusema kabati inanuka. Nikamjibu ni vitabu. Vitabu vya zamani hunuka.

Majuzi niliitikisa tena, sikusikia kitu. Mpira unaozuia gesi kwenye sindano ulikuwa umekauka na kupasuka. Ilikuwa ikivuja kidogo kidogo wakati wote ule, huku nikiichunga, bila kuchemsha hata kikombe.

Nikakizungusha kikopo. Kikatoka bila shida, kama kinavyotoka kikiisha.