Ripoti ya Moto wa Mzee Filimbi

Kituoni walimwita Kalamu, na jina lenyewe hakulipata kwa sifa. Alibandikwa na mkuu wake wa kwanza, mwaka ule alioajiriwa zimamoto, alipoandika katika ripoti kwamba chumba "kiliungua vibaya sana." Mkuu aliisoma kwa sauti mbele ya kikosi kizima, kisha akauliza, "Vibaya sana ni mita ngapi?" Watu wakaangua kicheko. Akamkabidhi kalamu mpya na kumwambia arudi akapime. Alirudi, akapima, na tangu siku hiyo hakuandika tena jambo asilolishika kwa mkono wake.

Mkuu huyo ndiye Mzee Filimbi, ambaye filimbi yake ilining'inia shingoni hata kwenye harusi za watu. Sasa alikuwa amestaafu, mwaka wa kumi na moja. Kalamu naye moshi ulimchosha mapafu, wakamhamishia mezani kuandika ripoti za matukio. Walidhani wanampumzisha. Hawakujua ni kujikaza kisabuni kiasi gani kuchuchumaa kwenye majivu ya mtu asubuhi ya pili yake, ukamuuliza mama aliyepoteza kila kitu jiko hasa lilikuwa upande gani. Nyumbani maharage yakiungua, mumewe alikuwa akisema, "Mimi nakiri mapema, mke wangu, usiniandikie makusudi."

Makusudi. Fomu ilikuwa na visanduku vinne vya chanzo cha moto: ajali, hitilafu ya umeme, makusudi, hakijulikani. Ukitia alama kwenye makusudi, nakala inakwenda polisi siku hiyo hiyo. Kwa hiyo wazimamoto, ambao ni watu wa huruma kuliko wanavyoonekana, walikuwa na ugonjwa wao. Wakimwonea mtu imani wanaandika ajali, wanakung'uta mikono, wanakwenda zao. Kalamu alikuwa ameshagombana na nusu ya kituo kwa sababu ya tabia hiyo.

Jumanne moja alasiri kengele ililia, gari likatoka, na kabla ya saa moja kupita likawa limerudi. Dereva akaingia ofisini kwake, kofia mkononi.

"Ilikuwa kwa Mzee Filimbi."

Kalamu akasimama. "Ameumia?"

"Hajaumia. Pazia tu." Dereva akajikuna shingo. "Ila Kalamu, huu ni moto wa tatu."

"Wa tatu? Mbona mimi sina habari?"

Alifungua kabati la mafaili. Ripoti zilikuwepo mbili, zimebanwa nyuma ya zingine, za wiki zile alizokuwa likizo. Mistari minne minne kwa mwandiko wa dereva. Ajali, jiko. Ajali, jiko.

"Ulitaka nifanyeje?" dereva aliuliza, macho kwenye viatu vyake. "Yule ndiye aliyetulea."

Kesho yake asubuhi Kalamu alikwenda mwenyewe. Binti wa mzee, fundi cherehani, alimpokea mlangoni na futi ya kupimia nguo ikiwa bado shingoni.

"Dada, nakuomba," alisema kwa sauti ya chini. "Andika ajali kama wenzako. Baba ana miaka sabini na tatu. Polisi wakimchukua, hatanirudia mzima."

Kalamu mwenyewe alikuwa ameomba njia nzima akute jiko limeanguka.

Hakukuta jiko. Katikati ya sebule kulikuwa na ndoo ya bati yenye majivu ya magazeti. Kuizunguka, mchanga uliosawazishwa vizuri kama kitanda cha mgeni. Kulia ndoo ya maji, kushoto blanketi lililoloweshwa na kukunjwa mara nne. Miaka yote hiyo hakuwahi kuona moto uliotunzwa hivyo. Dirisha tu ndilo lililosahauliwa wazi, upepo ukavuta pazia. Alipima: sentimita sitini za kitambaa kilichoungua.

Mzee alikuwa kwenye kiti kinachotazama barabara, shati limefungwa vifungo hadi shingoni, filimbi kifuani.

"Jana mmefika kwa dakika tisa," alisema kabla hata ya salamu. "Enzi zangu ni sita."

"Shikamoo, Afande. Kulikuwa na foleni."

"Marahaba. Foleni si sababu. Umeleta fomu?"

Akaitoa.

"Haya, uliza kama nilivyokufundisha."

"Nani aliwasha moto?"

"Mimi."

"Kwa bahati mbaya?"

"Kalamu, usinitukane. Na mchanga wote huo, bahati mbaya?"

Mlangoni, binti yake alijifunika uso kwa viganja.

"Kwa nini uliuwasha, Afande?"

Mzee alivua filimbi, akaizungushia kamba yake kidoleni, akaikunjua, akaizungusha tena.

"Mara ya kwanza nilijua mtaniuliza," alisema. "Wakaja vijana, wakazima, wakanipigia saluti, wakaenda. Mara ya pili vile vile. Tangu mama yake huyu afariki, mlango huu haugongwi. Mtoto yuko kazini kutwa nzima, simlaumu. Nilitaka mje tu. Basi."

Kalamu alilia, na hakuona aibu. Walimpenda mzee wao, wakamfichia mara mbili, na katika kumfichia hakuna aliyekumbuka kumuuliza swali hilo moja. Aliandika maneno yake kama yalivyotoka. Kisha akatia alama kwenye makusudi.

"Dada!" binti alisema.

"Subiri, mdogo wangu. Sijamaliza."

Mwisho wa fomu ulikuwepo mstari wa mapendekezo. Kituoni kila mtu aliupiga kistari tu na kuweka sahihi. Hata Mzee Filimbi, na ukali wake wote, alikuwa akiupiga kistari. Kalamu aliandika mchanga, maji, blanketi, dirisha na sentimita zake sitini. Kisha pale chini akaandika: Kituo kimtembelee kila Alhamisi saa kumi alasiri, bila kuitwa.

Mkuu wa kituo aliisoma mara mbili, akapenga kamasi, akatia sahihi. Nakala ikaenda polisi kama sheria inavyotaka, na askari akaja nyumbani kwa mzee na karatasi mkononi. Akauliza maswali yake, akajibiwa yote bila kuzungushwa. Mwisho, akiwa mlangoni na binti tu, akasema faili litabaki wazi miezi mitatu, aone kama zimamoto watatimiza walichokiandika. Ukiwaka wa nne, asilaumiwe. Binti alimshukuru mpaka askari akaona haya.

Alhamisi gari liliingia mtaani polepole, king'ora kimya, limeoshwa likang'aa. Walikuwa wanne, na dereva alikuwa amechomekea shati kama anakwenda kuposa. Mzee alisikia injini akatoka mbio kabla hawajagonga, kiatu kimoja mguuni, akinusa hewa.

"Moto uko wapi?"

"Hakuna moto, Afande," alisema dereva.

"Hakuna?" Akawatazama mmoja mmoja, kama zamani kwenye gwaride. "Sasa nani amewaita?"

"Hakuna aliyetuita," alisema Kalamu. "Tumekuja wenyewe."

Mzee alishika mwimo wa mlango.

"Andika hivyo," alimwambia Kalamu. "Neno kwa neno." Kisha akasogea kando, wapite.