Zamu ya Choo katika Shule ya Wachina

Wiki iliyopita jino lilinipeleka mtaa wa Ghubra, na kliniki yenyewe, rafiki yangu, imo ndani ya nyumba iliyokuwa shule yangu. Mapokezi ni pale palipokuwa darasa letu. Nikakaa kwenye kiti laini, shavu limevimba, mahali ambapo zamani nililaza kichwa juu ya dawati kila adhuhuri kwa amri ya mwalimu, maana shuleni kwetu kulala mchana kulikuwa somo kama masomo mengine. Nikajikuta natabasamu peke yangu. Muuguzi akanitazama kwa mashaka, kwani waliokuwa wakisubiri pale hakuna mwingine aliyefurahi.

Ilikuwa sekondari ya Wachina. Usicheke. Wachina wa Maskati wakati ule walikuwa wachache: wahandisi wa miradi, wenye maduka ya taa na vigae, daktari mmoja wa tiba ya sindano ya Kichina. Walitaka watoto wao wasisahau maandishi ya kwao, na hawakungoja serikali wala ubalozi. Walianza sebuleni kwa mtu, watoto wamekaa sakafuni. Sebule ilipojaa wakachangishana, wakakodi nyumba nyeupe yenye mkunazi uani. Mwalimu mkuu walimpata kutoka Malaysia, mama mfupi wa makamo, ambaye naye alisoma katika shule ya namna hiyohiyo, iliyojengwa kwa michango ya wauza mboga na madereva wa teksi. Sote tulimwita mudira, kama Waomani wanavyomwita mwanamke anayeongoza shule.

Mimi niliingiaje humo? Baba alikuwa akileta vigae kutoka China, akachoka kufanya biashara kwa ishara za mikono. Akasema lazima mmoja wa watoto wake aijue lugha ya watu wale, na kura ikaniangukia mimi. Bibi, mama yake baba, mzaliwa wa Unguja na mkubwa wa nyumba yetu, hakufurahi. Lakini siku moja alipita nje ya ukuta akatusikia tunaitikia kwa pamoja, mstari baada ya mstari, akalainika. "Kumbe ni kama chuoni kwetu tulikosomea Kurani," alisema. "Basi watajua."

Nikaipenda shule ile kuliko nilivyotarajia. Niliupenda wino mweusi na brashi yake, na ukali wa kuambiwa mstari huu kwanza, ule baadaye, huwezi kuanza unapotaka. Jikoni palikuwa na mpishi Mwislamu, Mchina, aliyevuta tambi kwa mikono mpaka zikawa nyembamba, akazimwagia mchuzi wa kondoo, akatusalimia kwa salamu aleikum yenye lafudhi ya ajabu. Na tulikunywa maji ya moto. Joto la Ghubra unalijua, ukuta wenyewe unatoka jasho, na sisi tumeshika vikombe vinavyofuka. Mudira alisema maji baridi huushtua mwili. Mpaka leo nayanywa hivyo, na watu wa nyumbani wanadhani naumwa.

Shule haikuwa na mfagiaji. Kila mwanafunzi alikuwa na zamu, na kila mwalimu pia: kufagia ua, kufuta ubao, kupiga deki, kusugua vyoo. Mudira alipenda kusema kwamba katika nyumba usiyoisafisha wewe ni mgeni tu. Zamu ya vyoo ikanifika, nikasugua, nikarudi nyumbani na harufu yake.

"Mikono yako inanuka nini?" bibi aliuliza.

Nikamweleza. Wakati huo baba alikuwa safarini, na baba akiwa safarini neno la bibi lilikuwa sheria.

"Babaako anatoa ada, khalafu mjukuu wangu anasugua choo cha watu? Nnakwambia, akirudi atakuta nshakutoa."

Usiku ule nililia kwa kujificha. Nilikuwa nimeanza kusoma maneno kwenye makasha ya vigae ya baba, na nilihisi mlango unafungwa ndio kwanza nimechungulia.

Asubuhi bibi alikuwa amepata dawa. Kama choo lazima kisuguliwe, atakwenda dada. Dada wa kazi wetu alikuwa msichana wa Uganda, mcheshi, mwepesi wa kucheka. Akapandishwa garini pamoja nami na ndoo mpya na glavu. Kwa bibi jambo lilikuwa limekwisha: choo kitang'aa, mtoto atasoma, heshima ya ukoo imehifadhika.

Mudira alitupokea getini. Akaipokea ndoo kwa mikono miwili, akainama kidogo, akamshukuru dada kwa zawadi. Akamwingiza ofisini, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, akammiminia maji ya moto. Kisha akachukua brashi, akaniita, tukaenda chooni mimi na yeye.

Jioni dada alitoa ripoti mbele ya bibi huku akijizuia kucheka.

"Mama kubwa, ndoo wameichukua, khalas. Wamesema shukran. Mimi wamenikalisha kwa kiti ya mudira. Halafu mudira mwenyewe akaenda kuosha choo na huyu mtoto."

"Mudira mwenyewe?"

"Mwenyewe. Nikataka kuinuka, akasema kaa, wewe ni mgeni."

Siku ya pili yake bibi akaja shuleni mwenyewe bila taarifa. Nilikuwa nimechutama sakafuni, kitambaa mkononi, nikaona kwanza viatu vyake, halafu pindo la buibui. Nikajua ananichukua, na mudira yuko nyuma yangu na brashi yake anatazama.

"Nani kakufundisha kukamua kitambaa hivyo?" bibi alisema. "Maji yote unayarudisha chini."

Akakunja mikono ya buibui, akaninyang'anya kitambaa, akanionyesha. Mudira akasogea, akachutama, akaangalia, akajaribu na yeye. Bibi akamrekebisha kidole gumba. Hawakuwa na lugha hata moja ya kushirikiana.

"Mwambie mwalimu wako nlikuja kugomba," bibi akaniambia akinyanyuka, "na sasa nshachelewa kupika."

Nilitafsiri nusu ya pili tu.

Basi nikabaki. Ila bibi hakuwa mtu wa kushindwa bure. Alitangaza kwamba kama nina nguvu za kusugua choo cha Wachina, kila Ijumaa cha nyumbani ni changu. Hivyo dada akapata Ijumaa yake, akawa anakwenda kanisani Ruwi amevaa gauni la maua, ananipungia mkono na mimi niko na ndoo.

Miradi ilipokwisha, wahandisi waliondoka na watoto wao, na michango ikakauka. Shule ikafungwa kimya kimya. Dada alirudi kwao akaolewa, mudira sikumwona tena, na bibi tumemzika. Watoto wangu wanasoma shule kubwa yenye kampuni ya usafi, na hawajawahi kuijua harufu ya choo chao. Nawaonea huruma, na sijui niwaeleze vipi nikaeleweka.

Siku ya mwisho ya shule yetu, kabla ya kurudisha funguo, mudira alitugawia zamu kama kawaida. Bibi naye alikuja, hakuna aliyemwita. Mwenye nyumba akatushangaa, akasema tusijisumbue, kesho mafundi wanaanza kuvunja kuta. Mudira akamshukuru, akaendelea kusugua. Tulipomaliza, bibi akapita chumba baada ya chumba, akapitisha kidole madirishani, akachungulia hadi nyuma ya mlango wa choo. Kisha akatoka uani, akajifuta mikono kwenye kanga, akamwambia yule mwenye nyumba, "Haya. Sasa wanaweza kuvunja."