Kabureta Iliyokwenda Ukimbizini

Kabureta ya pikipiki ndogo inaenea kiganjani. Nimefungua nyingi, kutoka Koboko hadi Juba na kurudi, maana tangu niwe fundi sijawahi kukaa mahali pamoja zaidi ya misimu miwili ya mvua. Nikiletewa pikipiki ya zamani inayosumbua, huuliza maswali matatu kabla sijashika spana. Inawaka ikiwa baridi? Ukiachia mkono wa petroli inazima? Ukivuta choki inapona? Mwenye pikipiki akijibu vizuri, nusu ya kazi imeshakwisha. Maswali hayo nilifundishwa na kabureta moja, ya mjomba wangu.

Mjomba alikuwa askari wa ngazi ya chini, kazi yake kupeleka barua za kambi kwa pikipiki. Mwaka wa sabini na tisa ilipoanguka serikali ya kijeshi, ambayo rais wake alikuwa mtu wa kwetu, watu wa kwetu Koboko walijua kwamba hakuna atakayesimama kuuliza nani alikuwa mkubwa jeshini na nani alibeba barua tu. Tukavuka mpaka kwa miguu. Katika kukimbia kule watu walikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwingine: kitu kikubwa usichoweza kukibeba, unabeba kipande chake. Mshonaji wa jirani aliacha cherehani lakini akachomoa kile kichuma kinachoshika uzi wa chini. Mwenye mashine ya kusaga alijifunga mkanda wa mashine kiunoni. Mjomba alikuwa na pikipiki yake mwenyewe, ya Kijapani. Akamimina mafuta ndani ya injini, akaipaka grisi kila mahali, akaifunga turubai na kuizika chini ya zizi la mbuzi. Kabureta akaifungua, akaiweka mfukoni.

“Mwizi akifukua,” alisema, “atapata chuma ya kusukuma.”

Tulikaa nje miaka saba, kwanza Zaire, baadaye kusini mwa Sudan. Mimi niliondoka nikiwa na miaka kumi na miwili, nikasomea sekondari kambini, na wakati wa likizo nikawa nashinda kwa mafundi wa pikipiki sokoni. Mjomba alilima mihogo. Kila mwezi ulipoandama alitoa ile kabureta katika kitambaa, akachovya unyoya wa kuku kwenye chupa ya mafuta ya simsim, yaani ufuta, na kuipaka nje na ndani, kila tundu. Mafuta ya mashine hayakuwepo, na grisi kidogo iliyopatikana ilikuwa ya magari ya misaada. Wenzake walimtania kwamba ana wake wawili, na huyu wa pili ndiye anayepakwa mafuta.

Tuliporudi, zizi lilikuwa limeanguka lakini shimo halijaguswa. Tulifukua mimi na yeye, siku nzima. Mchwa walikuwa wamekula kiti, matairi yalikuwa yamepasuka kama matope ya kiangazi, lakini injini ilizunguka. Ilituchukua miezi kuikusanya. Matairi tulipata upande wa Zaire, sahani za klachi tulitoa kwenye pikipiki iliyokufa, waya za umeme nilizifunga upya mwenyewe. Kipande pekee ambacho mjomba hakutaka niguse kilikuwa kabureta. Aliifunga kwa mkono wake, skrubu moja baada ya nyingine, akarudi nyuma hatua mbili kuitazama.

Basi ikaja habari ya kazi. Ofisi ya afya Arua ilitafuta watu wa kupeleka chanjo katika zahanati za mbali, na kila mwombaji alitakiwa kufika Jumatatu saa mbili asubuhi akiwa na pikipiki yake mwenyewe, nzima, inayotembea. Mjomba alikuwa anakaribia hamsini. Hakuwa na pensheni, hakuwa na ng’ombe, na alama pekee ya ujuzi wake ilikuwa kujua kila kijia kati ya Koboko na mpaka. Kazi ile ilikuwa kama imekatwa kwa kipimo chake. Akifika bila pikipiki, itakwenda kwa mwingine.

Jumamosi asubuhi, pikipiki ilikuwa bado inatucheka.

Iliwaka. Ukivuta choki na kupiga teke mara tatu ilinguruma, na ukizungusha mkono wa petroli ilikwenda hadi sokoni. Lakini ukirudisha choki mahali pake ilikohoa na kuzima. Ukisimama njia panda, ilizima. Ukipunguza mwendo mbele ya mbuzi, ilizima. Jirani yetu, aliyekuwa kambi moja ya jeshi na mjomba zamani na ambaye hakuwa na kazi zaidi ya kututazama, alileta kigoda chake ili aone vizuri.

“Afande,” alisema, “hiyo pikipiki naenda na choki kama mutu naenda na mkongojo.”

“Wewe nyamaza. Wewe iko na baisikeli haina mnyororo.”

“Lakini baisikeli yangu haizimi.”

Nilianza mbali, kwa sababu mjomba alinitaka nianze mbali. Petroli yetu ilikuwa ya chupa, ya kando ya barabara, na wauzaji wengine hawakuona haya kuichanganya na mafuta ya taa. Nikamwaga tone kiganjani. Likakauka mara moja, bila utelezi. Petroli nzuri. Nikafungua mfuniko wa tangi nikazibua kitundu cha hewa, maana tangi lisilopumua huzima injini. Hakuna tofauti. Nikatoa plagi. Ingekuwa nyeusi na yenye majimaji, ningesema petroli imezidi. Ilikuwa nyeupe kavu kama mfupa.

Plagi nyeupe husema jambo moja: hewa ni nyingi, petroli ni kidogo. Na injini inayoishi kwa choki husema hilohilo, kwa sababu choki kazi yake ni kuzuia hewa. Inakwenda ukizungusha mkono, inakufa ukiachia. Basi kati ya jeti mbili, vile vipande vya shaba vyenye kitundu cha petroli, kubwa inapitisha, ile ndogo inayolisha injini ikinguruma polepole haipitishi. Sikuwa nakisia. Nilijua kama ninavyojua jina langu.

“Mjomba, shida iko kwa kabureta. Jeti ndogo imeziba.”

“Hapana. Kabureta iko safi. Angalia kwingine.”

“Kwingine nimeangalia kote.”

“Mutoto ya dada yangu, sikia. Kila kitu kwa hii pikipiki imelala ndani ya udongo miaka saba. Kitu moja tu haikulala ndani ya udongo. Sasa wewe nasema iliyoharibika ni hiyo moja?”

Jirani alisogeza kigoda karibu. Mjomba alichukua kitambaa akafuta kabureta, ingawa haikuwa na vumbi, kisha akaenda kuswali adhuhuri. Nilibaki na bisibisi mkononi. Ningeweza kuifungua wakati amesujudu. Nilifikiria, nisiseme uongo. Lakini kuna vitu huwezi kumfungulia mtu mzima nyuma ya mgongo wake.

Aliyetuokoa ni mke wa mjomba. Alikuwa anachuja maji ya majivu kwa ajili ya mboga ya kunde, kama wanawake wa kwetu wanavyofanya: majivu katika chungu chenye matundu, maji juu, na chini yanadondoka maji ya rangi ya chai, makali, yanayolainisha majani. Alikuwa amesikia yote. Mjomba alipomaliza kukunja mkeka, alimletea ile chupa ya mafuta ya simsim iliyotoka nasi Sudan. Chini yake bado kulikuwa na mafuta kidogo. Shingoni yalikuwa yameganda rangi ya manjano, magumu, kama utomvu wa mti.

“Mzee,” alisema kwa upole, “hii ndio ulikuwa natia ndani yake?”

Mjomba alikwaruza shingo ya chupa kwa ukucha. Haikutoka. Akakwaruza tena.

“Miezi ngapi hiyo?” mkewe aliuliza.

Aliirudisha chupa mkononi mwa mkewe, akanyoosha kiganja kwangu bila kunitazama, nikampa bisibisi. Alifungua mwenyewe. Nje kabureta iling’aa kama kijiko cha arusi. Ndani, kikombe cha chini kilikuwa na ngozi ya manjano, na floti, kile kiboya kinachopima petroli, ilikuwa imevaa ngozi hiyohiyo. Jeti kubwa ilikuwa imebaki na nusu ya tundu lake. Jeti ndogo niliinua kuelekea jua na kufumba jicho moja. Hakukuwa na mwanga. Nikampa naye aangalie. Aliangalia muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

“Mimi ndio nimefunga hii,” alisema.

“Usingeipaka ingeliwa na kutu,” nikasema, na haikuwa ya kumfariji. Ni kweli. Chuma chenye kutu hakirudi. Kilichoganda mafuta hurudi.

Jirani, ambaye sasa alitaka kusaidia, alileta uzi wa waya wa breki ya baisikeli yake. Nilikataa. Jeti ni ya shaba laini, na tundu lake limepimwa kiwandani. Ukilichokonoa kwa waya unalipanua, na baada ya hapo injini itakunywa petroli kama ng’ombe. Nikajaribu petroli kwanza. Nililoweka jeti kwenye kikopo mpaka alasiri, na ganda halikusogea.

“Mimi sufuria ya simsim nasafisha na maji ya majivu,” mke wa mjomba alisema kutoka jikoni. “Yenye moto. Petroli itafanya nini?”

Tulitazamana mimi na mjomba. Nikatenganisha vitu: kinachokwenda kwenye maji ya majivu ni jeti za shaba tu, kwa sababu mwili wa kabureta ni wa chuma chepesi, na maji yale yangeula. Mwili niliusugua kwa petroli na kitambaa, na vijia vyake nikavipuliza kwa pampu ya baisikeli ya jirani, hivyo naye akapata sehemu yake. Jeti zikalala kwenye maji ya majivu ya moto mpaka Jumapili asubuhi. Nilipozitoa, ganda lilikuwa limelainika kama uji. Nikachagua ujiti mmoja mwembamba kutoka kwenye fagio la nyasi, nikaupitisha polepole. Nikasuuza, nikapuliza, nikainua juu.

Kulikuwa na nukta moja ya mwanga, ndogo kuliko kichwa cha sindano, mviringo kamili.

“Ona, Mjomba.”

Akaona. “Funga,” alisema. Kisha akabadili mawazo akaifunga yeye.

Skrubu ya hewa niliikaza mpaka mwisho kwa vidole viwili, bila nguvu, nikairudisha mzunguko mmoja na nusu. Mjomba akapiga teke. Ikawaka mara ya pili. Akarudisha choki, akaondoa mikono yote miwili, akasimama pembeni. Pikipiki ikabaki peke yake katikati ya uwanja, ikinguruma polepole. Tulisubiri ikohoe. Jirani alihesabu kwa sauti mpaka mia mbili, kisha akachoka.

“Afande,” alisema, “sasa nazima namna gani?”

Jumatatu tuliondoka alfajiri, mjomba mbele, mimi nyuma na spana. Barabara ilikuwa nyekundu na yenye mashimo, umande bado kwenye nyasi. Karibu na nusu ya njia ilikohoa mara moja. Mjomba alisimama bila kuzima. Nilishuka, nikagonga kikombe cha kabureta kwa mpini wa bisibisi ili uchafu wa tangi la zamani uachie floti, nikapanda tena. Ikaendelea. Tuliingia Arua kabla ya saa mbili.

Ofisini tulikuta watu wawili wengine. Mmoja alikuja kwa miguu, akisema pikipiki yake iko njiani. Wa pili, kutoka upande wa Adumi, alikuwa na pikipiki mpya kiasi kwamba ya mjomba ilionekana kama babu yake. Mjomba alijiweka mbele ya tangi letu kana kwamba angeweza kuficha mabonde yake.

Ofisa alikuwa mtu wa maneno machache. Hakuangalia rangi.

“Washeni. Mkono usiguse kitu. Mimi naangalia taa na matairi.” Kisha akaeleza bila kuulizwa: “Chanjo inakaa ndani ya barafu. Pikipiki ikizima porini, barafu haingoji.”

Alianza na ile mpya, taratibu, akibonyeza kila tairi. Kwetu alichukua muda zaidi kwa sababu kulikuwa na mengi ya kutilia shaka. Mjomba alikuwa ameweka mikono nyuma kama yuko gwaride. Sikutazama taa wala matairi. Nilisikiliza tu ile injini, na kila mlio ulifuatwa na mwingine mahali pake, sawasawa, mpaka ofisa akasimama wima.

“Zima, sisikii ninachotaka kusema. Hii iko na umri gani?”

“Ya zamani kidogo,” mjomba alisema.

“Fundi nani?”

“Fundi ni huyu mutoto ya dada yangu.” Akaelekeza kidole chini ya tangi. “Kabureta nimechunga mimi.”

Wote wawili walichukuliwa: wa Adumi upande wake, mjomba upande wa Koboko. Yule aliyekuwa anasubiri pikipiki iliyo njiani aliambiwa aendelee kusubiri. Kazi ilianza palepale, kwa sababu zahanati moja ya kwetu ilikuwa imeishiwa chanjo. Walileta sanduku la barafu, la buluu, zito, wakalifunga kwa kamba za mpira juu ya kiti cha nyuma.

Mjomba alilitazama sanduku, akanitazama mimi.

“Kiti yako imekwisha,” alisema.

“Nenda. Mimi nitaona gari.”

“Utaona gari ya wapi?”

Sikuwa najua, na sikuhuzunika kutojua. Alipiga teke mara moja. Nilisimama kando ya barabara nikamsikiliza akishuka kuelekea njia ya Koboko. Pale kwenye kona alipunguza kwa ajili ya mama mwenye kuni, injini ikashuka mpaka chini kabisa, ikakaa huko, kisha ikapanda tena. Lori la magunia ya tumbaku lilikuwa linapasha injini moto upande wa pili, likielekea Logiri, mbali na njia ya kwetu, sehemu ambayo sikuwahi kufika. Nikamuuliza dereva kama kuna nafasi.