Mume Aliyesubiri Machi

Darla Wessel alipojifungua mtoto wa tatu, daktari alimwambia kinagaubaga kwamba mimba nyingine itamuua. Vidonge vya kuzuia mimba vilimpandisha presha. Kitanzi kilimtoa damu mpaka akazirai kwenye foleni ya dukani. Ikabaki njia nyepesi kuliko zote: mumewe, Curt, akafunge uzazi kliniki, kazi ya nusu saa, arudi nyumbani kwa miguu yake.

Curt, shujaa wa jimbo la Indiana, Marekani, aliyewahi kujing'oa msumari mguuni kwa koleo, alikubali palepale. Ila si sasa. Kulikuwa na mavuno ya mahindi, kisha msimu wa kuwinda kulungu, na kulungu hawamsubiri mtu.

"Machi, mke wangu," alisema. "Mashindano ya mpira wa kikapu ya vyuo yakianza. Wanaume wote hapa hukatwa Machi. Unajilaza kwenye kochi, mfuko wa njegere za barafu mapajani, unatazama mechi kutwa na hakuna wa kukutuma."

"Na mpaka Machi tutafanyaje?"

"Tutakuwa waangalifu, bwana!"

Darla aliujua uangalifu wa Curt. Mtoto wa tatu alitokana nao. Akahamia chumba cha watoto na kulala na hofu yake.

Machi ikafika. Curt akajaza friji njegere na bia. Jumapili zikatangazwa timu za mashindano, na timu ya chuo cha kwao haikuitwa. Curt akazima televisheni kama aliyefiwa. Asubuhi akaipigia kliniki simu.

"Umeahirisha?" Darla aliuliza.

"Sasa nikae kwenye kochi nitazame nini? Wewe nawe! Mwakani tuna kikosi kikali."

Darla hakungoja mwakani. Aprili akaenda hospitali mwenyewe, akapasuliwa tumbo, akafungwa mirija. Siku chache baadaye alikuwa jikoni akikaanga kuku, mkono mmoja umeshikilia mshono, wakati jirani yao Lyle alipopita kumjulia hali.

"Tuliamua pamoja," Curt alimweleza kutoka kwenye kochi. "Mimi nilikuwa tayari kabisa, lakini mwili ni wake. Siwezi kumlazimisha."

Lyle akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, kisha akamgeukia Darla.

"Una bahati, shemeji. Wanaume wangapi siku hizi wanawasikiliza wake zao?"