Upande wa Kushoto wa Ermitas

Ermitas Seoane alikuwa na miaka sitini na mitatu, magoti mawili mabovu, na kazi ambayo hakuna msichana wa kijiji cha Lousadela aliyetaka kuirithi: kuwasindikiza marehemu wa watu kwenda kwa Mtakatifu Andrea, kwenye kanisa la Teixido kando ya bahari. Kule kwao kila mtu ana safari hiyo moja ya lazima. Asipoifanya akiwa hai ataifanya akiwa amekufa, tena kwa kutambaa, ndani ya mwili wa mjusi au chura au nyoka, na njia ni ndefu mno kwa kiumbe wa tumbo chini. Ndugu wenye huruma humchukua marehemu wao wakaenda naye kwa miguu. Ndugu wenye huruma lakini wavivu walimwendea Ermitas na kapu la mayai.

Asubuhi ya safari alikwenda makaburini, akagonga jiwe la marehemu mara tatu kwa kifundo cha kidole, akamwita kwa jina na kumwambia, "Inuka, twende." Tangu hapo walikuwa wawili. Marehemu alitembea kushoto kwake siku zote nne. Ermitas alizungumza naye, akampisha kwenye vivuko, akamwekea sahani mezani walipofika kula. Hakukanyaga mjusi wala chura, maana huwezi kujua ni nani. Na akishagonga haahirishi. Hata mbingu ziporomoke, anaondoka siku hiyohiyo.

Usimdhanie mtu wa kutetemeka. Ermitas aliwakaripia marehemu kama alivyowakaripia kuku. Avelino msaga mahindi, aliyemwibia unga wakati wa uhai wake, alisomewa makosa yake yote kuanzia Lousadela hadi baharini, na hakuwa na pa kukimbilia. Kwa miaka thelathini alijua mwenzake yupo kwa dalili zilezile: baridi kwenye mkono wa kushoto, mbwa wa njiani kujibanza ukutani, na supu ya sahani ya pili kuganda mafuta kabla hajamaliza kumenya kiazi.

Jambo moja lilimkaa rohoni. Nyumbani kwake pia kulikuwa na sahani ya pili, na hiyo ilikuwa ya Delmiro.

Delmiro alikuwa kaka yake. Mwaka 1951 alipanda meli kwenda Venezuela, akaandika barua kwa miaka miwili, kisha kimya. Sasa ulikuwa mwaka 1989, na mama yao, Bi Generosa, mwenye miaka tisini na mmoja na nyonga iliyovunjika ikaunga vibaya, bado alimwekea mwanawe sahani kila adhuhuri. Supu yote ya kabichi aliipika Ermitas. Kuni alikata Ermitas. Ermitas ndiye aliyemwosha mama, akamvisha, akamtembeza na fimbo yake hadi kwenye kiti cha juani na kumrudisha mvua ilipoanza. Lakini kipande kinono cha nyama ya nguruwe kilikwenda kwenye sahani ya mtu asiyekuwepo, na jioni kikapewa mbwa. Ermitas alimpenda mama yake kufa, na sahani ile aliichukia kufa.

Basi Oktoba ile akakata kauli. Angempeleka Delmiro kwa Mtakatifu Andrea, angemwacha huko apumzike, na mama angeifungia ile sahani kabatini kabla hajafumba macho. Hilo tu ndilo alilolitaka.

Tatizo lilikuwa pa kugonga. Pale Lousadela maiti hulazwa ndani ya mashimo ya ukuta wa mawe, moja juu ya jingine, kama mikate ndani ya tanuri. Akina Seoane walikuwa na mashimo matatu. La babu lilikuwa na jina, la baba lilikuwa na jina, la tatu lilikuwa tupu, limezibwa kwa ubao usioandikwa kitu. Ermitas alisimama mbele yake jua likichomoza, akajiambia kwamba Delmiro naye ni Seoane, kwa hiyo shimo tupu ni lake vilevile. Akagonga ubao mara tatu.

"Delmiro, inuka, twende."

Sauti ilirudi kutoka ndani kama mtu amegonga pipa. Hakuipenda.

Alirudi nyumbani kuchukua mkoba na kijiwe cha kwenda kuweka kwenye rundo la mahujaji. Mama alikuwa amekaa karibu na jiko, amevaa viatu vyake vya mbao ingawa hakuwa na pa kwenda.

"Umemwita nani leo?" akauliza mama.

"Delmiro."

"Delmiro hajafa."

"Mama, miaka thelathini na sita bila hata salamu! Kama hajafa basi ana roho mbaya. Chagua mwenyewe."

"Ana kazi nyingi," alisema mama. "Umegonga wapi?"

"Kwenye lile tupu."

Bi Generosa akacheka kicheko kidogo cha pumzi.

"We Ermitas! Ule ni mlango wangu, mwanangu. Umeenda kugonga kwangu."

"Wewe uko hapa unakunywa kahawa."

"Hapa niko, ndiyo. Lakini umeshagonga, na mtu lazima aitike. Haya, nenda. Chukua mwavuli, hali ya hewa ya mwezi huu haina adabu."

Ermitas alimbusu kwenye paji la uso, akamwagiza jirani yao Casilda amwangalie, akaondoka akinung'unika.

Siku ya kwanza mbingu zilimchezea. Jua kali hadi saa nne, halafu mvua ya mawe iliyomdunda mwavuli, halafu jua tena na barabara ikafuka mvuke. Alizungumza na Delmiro kama desturi. Alimweleza nani amekufa, nani ameuza ng'ombe, nani amejenga nyumba mbaya ya ghorofa mbili. Upande wa kushoto haukuwa na kitu. Mkono ulikuwa na joto. Kwenye kijiji cha kwanza mbwa mmoja mkubwa alikuja kushoto kwake hasa, akatikisa mkia, akatembea naye hadi darajani akiwa amejisikia nyumbani kabisa.

Adhuhuri ya siku ya pili alifika kwa Balbina, mwenye mgahawa wa njiani, mjane mnene aliyemjua tangu safari ya kwanza. Balbina alileta sahani mbili bila kuulizwa.

"Safari hii ni nani, shoga?"

"Kaka yangu."

"Yule mrembo wa Venezuela? Masikini. Hebu nimwongezee nyama."

Wakala. Supu ya Ermitas ilipoa. Ile ya pili iliendelea kufuka moshi, na juu yake mafuta yaling'aa bila kuganda, hadi Ermitas alipomaliza mkate wake wa mahindi. Balbina aliacha kufuta meza.

"Huyu wako hana njaa," alisema.

"Alikuwa mteuzi wa chakula tangu utoto."

"Ermitas, usinifanye mjinga. Hapo hakuna mtu."

Ermitas aliweka kijiko chini. Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini alikuwa amegonga na hakuitikiwa, na maana yake ilikuwa moja tu: Delmiro alikuwa hai, mahali fulani, anakula supu nyingine. Moyo ulimruka kwa furaha, na papo hapo ukajaa hasira. Hai! Na hakuandika hata mstari mmoja. Angegeuka kurudi nyumbani wakati uleule, lakini safari iliyoanzwa kwa kugonga haikatizwi, na alikuwa mtu wa kufuata taratibu kuliko padri. Akasonga mbele peke yake, na ukimya wa kushoto kwake ulimkera kama jino lililong'oka.

Siku ya tatu, Jumatano, alianza kupanda mlima wa mwisho kuelekea baharini. Asubuhi ilikuwa safi, farasi wa porini walionekana mbali wakila vichaka. Ilipokaribia saa tano ukungu ukapanda kutoka baharini kwa mkupuo mmoja, ukafunika farasi, ukafunika barabara, ukafunika hata ncha ya fimbo yake. Upepo ulikoma. Kisha baridi ikamshika mkono wa kushoto, kuanzia vidoleni, ikapanda hadi begani.

"Umechelewa," Ermitas alisema kwa sauti. "Siku mbili nzima. Ulikuwa wapi, Delmiro?"

Hakuna aliyejibu, wala marehemu hawajibu kamwe. Lakini alisikia hatua. Hilo halijapata kutokea. Wale wote thelathini na kitu walikuwa baridi tu, bila mguu. Hizi zilikuwa hatua za viatu vya mbao juu ya mawe, fupifupi, moja ikigonga na nyingine ikiburuzwa. Ko, krrr. Ko, krrr. Delmiro alikuwa mtu wa hatua ndefu; enzi za utoto Ermitas alilazimika kukimbia ili kumfuata. Anayetembea kushoto alikuwa anahangaika kumfuata yeye.

Hakugeuza shingo. Alipunguza mwendo tu, taratibu, hadi hatua zile zikalingana naye, kama alivyozoea kupunguza kila siku kati ya mlango na kiti cha juani.

Walitembea hivyo mchana kutwa. Mvua ikaja, akauhamisha mwavuli mkono wa kushoto, akaloa yeye. Chura mmoja alikaa katikati ya njia akivimba koo. Ermitas akasimama, na viatu vya mbao vikasimama pia, hadi chura alipojikokota majanini. Kwenye kijiji cha upande wa pili wa mlima kulikuwa na baa yenye simu. Aliitazama kupitia kioo, akaona simu nyeusi ukutani, akapita. Mtu asipouliza bado hajaambiwa. Alijua anajidanganya, lakini aliendelea kujidanganya kwa kilomita kumi na moja, akizungumzia habari za kuku.

Hakumwita kwa jina lolote tena.

Alhamisi asubuhi walifika Teixido, nyumba chache nyeupe na kanisa dogo juu ya bahari isiyoonekana. Jua lilitoboa, likafichwa, likatoboa tena. Penye rundo la mawe Ermitas alitoa kijiwe alichokibeba kutoka Lousadela. Desturi ni kukiweka na kutaja jina la uliyekuja naye. Alifungua kinywa kusema Delmiro, na ulimi ukagoma. Machozi yalikuwa yanamchuruzika hadi kidevuni, na aliyaacha.

"Tumefika, Mama," alisema. "Kaa na Mtakatifu. Pumzisha nyonga."

Baridi ikamtoka begani, ikashuka mkononi, ikatoka vidoleni. Mkono ulibaki na joto la kawaida, na upande wa kushoto ukawa upepo tu.

Kwenye chemchemi chini ya kanisa watu hutupa tonge la mkate ili kujua habari za mtu. Likielea ni mzima, likizama basi. Ermitas alikata kipande, akasema "Delmiro," akakitupa. Kilielea. Kilizunguka katikati ya maji, kimejaa kiburi, na hakikuzama hata alipokichapa kwa fimbo.

Baadaye ndipo alipokwenda kwenye simu ya pale kijijini, akapiga nyumbani.

"Ermitas! Tumekutafuta kila mahali!" Casilda alikuwa akilia. "Bi Generosa ametutoka, dada yangu. Jana."

"Saa tano kasoro."

Casilda akaacha kulia. "Nani amekwambia?"

"Endelea. Alikufaje?"

"Alikuwa mzima kabisa, anamenya viazi. Mara akaniomba nimfunge vizuri viatu vyake vya mbao. Nikamuuliza, unakwenda wapi na mvua hii, mama? Akasema, kuna mtu amegonga tangu Jumatatu na hajaitikiwa. Delmiro yuko kazini, hawezi kuja. Acha niende mimi. Akainuka kwenye kiti bila fimbo, Ermitas, unasikia? Bila fimbo. Halafu akakaa tena, na ikawa ndiyo hivyo."

Ermitas alirudisha simu mahali pake.

Alipanda basi. Alifika Lousadela Ijumaa, muda wa saa mbili baada ya mazishi, maana padri hakuweza kungoja zaidi. Shimo la tatu lilikuwa limezibwa kwa jiwe na saruji ilikuwa bado mbichi. Alitaka kuomba radhi. Aliinua mkono, akakiona kifundo cha kidole chake kikiwa tayari, akaushusha harakaharaka na kuuficha ndani ya mfuko wa koti. Radhi aliiomba kwa mdomo, kwa mbali, mikono ikiwa mfukoni. Tangu siku hiyo hakumgongea marehemu mwingine, wa nyumbani wala wa jirani, hata walipomletea mayai makapu mawili.

Nyumbani Casilda alikuwa amewasha jiko na kuacha chungu cha supu. Ermitas alivua koti lililoloa, akafungua kabati, akatoa sahani yake. Alisimama pale na kabati wazi. Kisha akatoa na ile ya Delmiro, akaifuta kwa aproni, akaiweka mahali pake na kuijaza. Akatafuta ndani ya chungu kipande kinono, akakiweka juu.

Alikula akiitazama. Supu ya Delmiro haikupoa.