Picha Kubwa na Jumanne za Mzee Nassor

Mwanangu, ipo Jumanne moja ambayo mpaka leo haijanitoka moyoni. Nilikuwa kijana, kazi yangu kutafsiri filamu za nje kwenye banda la video la kaka yangu Hamisi, kule Temeke. Nashika maikrofoni, Mzungu akifungua mdomo, Kiswahili natoa mie. Jambazi akikimbia, kwa maneno yangu nampitisha Tandika sokoni, watu wanacheka.

Jumanne tulionyesha vipicha vidogo vya mapenzi na vichekesho, na watazamaji walikuwa wachache. Mmoja wao Mzee Nassor, Mwarabu wa duka la vitambaa, aliyefiwa na mkewe. Alikaa benchi la mbele kila wiki, na kashata zake za kuwagawia wenzake.

Basi kaka akaja na neno. "Hata wenye studio kule Marekani wanategemea picha kubwa moja, ya mabilioni. Sie nani tuhangaike na vipicha?" Jumanne zikafutwa, tukaingoja picha kubwa.

Ilipofika, siku ya kwanza ikaangukia Jumanne. Watu walijaa mpaka madirishani. Mzee Nassor naye akaja, akakuta benchi lake limekaliwa. Nikamwahi mlangoni.

"Shikamoo mzee. Subiri nikutafutie stuli, picha hii si ya kukosa."

"Marahaba. Mwanangu, mie picha sikuwa naziangalia sana. Nilikuwa nakuja kukaa na nyie."

Akanipa kashata, akaenda zake. Picha ilipochuja, watu wakatoweka nayo. Tukarudisha Jumanne, lakini wa Jumanne hawakurudi. Usiache mbachao kwa msala upitao; wahenga walijua wasemalo.

Leo naishi Tegeta, kwenye nyumba nzuri mliyonijengea, Mungu awalipe. Mara moja kwa mwaka mnanipeleka sinema kutazama picha kubwa, mnanivika ile miwani ya kuifanya picha itokeze, mnaninunulia bisi. Nafurahi, sikatai. Kisha mnanirudisha, geti linafungwa, na nyumba inakaa kimya mpaka Idi. Ni upweke, mwanangu, nisikufiche.

Kwa hiyo shika hili: aliye wako hashibi kwa siku kubwa. Mwendee siku isiyo na jina, hata mikono mitupu, ukae naye. Mungu akupe umri mrefu, na katika umri huo asikukoseshe mtu wa kukaa naye benchi moja.

Jumanne hii nipo, na kashata zipo.